Kofia Iliyoogopa Maji

Mmenikalisha hapa na vitambaa vyenu, na karatasi za kaboni mlizonunua Kariakoo, mnaniambia, bibi tuonyeshe namna ya kuchagua ua na kulihamishia kwenye kitambaa. Haya, nitawaonyesha. Lakini mjue kwanza kwamba mie ni mwoga. Nimeshona kofia za viua tangu sijavunja ungo mpaka macho yalipokataa, na sikumbuki siku hata moja niliyopokea kitambaa cha mtu bila kutamani kukirudisha. Nyie hamuogopi kitu. Mnalaza karatasi, mnapitisha kalamu, mkikosea mnacheka, mnachukua kingine. Sie kitambaa kikiharibika kilikuwa kimeharibika.

Aliyenifundisha kazi ni shangazi yangu Mwajuma, dada yake baba. Tulikaa Temeke enzi za Mwingereza, Temeke bado mikorosho na minazi na nyumba za makuti zilizotupana mbalimbali, ukitaka kwenda mjini unashika njia ya Keko kwa miguu. Shangazi alikuwa mkali, pilipili kichaa haioni ndani. Sheria yake ya kwanza ilikuwa hii: ua ulilolipenda leo usilishone leo. Litundike ukutani ukae nalo. Kesho asubuhi simama mlangoni ulitazame kwa mbali. Mstari usiouona kutoka mlangoni, uzi utaumeza, kitabaki kiuvimbe tu. Na kichwa cha mtu si shamba, alikuwa anasema. Ukipanda maua mengi yatasongana, halitaonekana hata moja.

Sheria ya pili ni kukunja. Kofia ya viua ina vipande viwili: duara la juu, na ukanda unaozunguka kichwa. Ukanda ukiuchora tu moja kwa moja, mwisho hautakutana na mwanzo. Kunja nusu, kunja nusu tena, tia alama kwa ukucha, ndipo upange maua yako. Kofia yangu ya kwanza sikukunja, nilishajiona fundi. Nilipokuja kuunganisha, pale kisogoni ua zima likakutana na nusu ua, yamebanana kama watu wawili wanaogombea kigoda kimoja. Kofia yenyewe ilikuwa ya muuza nazi mmoja wa Mtoni. Shangazi akamvisha, akamzungusha, akamwambia kwa adabu zote kwamba kofia hii uzuri wake uko mbele, kwa hiyo asipende sana kuwapa watu mgongo. Yule bwana akaaga, akatoka kinyumenyume mpaka barazani. Leo nacheka. Siku ile nilijifungia chooni mpaka alipopotea njiani.

Sasa kuhamisha ua. Hapo ndipo roho ilipokuwa juu. Kaboni ilikuwa ya maofisini, sie hatukuijua. Tulichukua karatasi nyembamba tukaipaka mafuta ya taa kwa pamba, ikawa inaonyesha. Ukiilaza juu ya ua unaliona lote, unalifuata kwa penseli. Halafu unaianika mpaka harufu iishe, la sivyo kofia itanuka kibatari hadi msikitini. Ikikauka unaitoboa kwa sindano, tundu baada ya tundu, juu ya mstari. Unailaza kwenye kitambaa, unaipigapiga kwa kifuko cha unga wa mkaa uliochekechwa. Hapo usipumue. Ukipiga chafya umekwisha. Ukiinua karatasi unakuta vidoto vyeusi vimekaa, unaviunganisha kwa penseli ya kawaida iliyochongwa kali, mkono mwepesi, kisha unakung'uta mkaa uende zake.

Ukishamaliza kushona unafua, penseli inaondoka, viua vinabaki peke yao. Unatia wanga, unaivisha kofia juu ya sufuria iliyofudikizwa, ikauke ikiwa na umbo la kichwa. Kofia ambayo haijafuliwa haijaisha, hata kama sindano umeshairudisha kwenye mkebe.

Nimesema penseli ya kawaida. Kulikuwa na nyingine, penseli ya wino, ya makarani. Ikiwa kavu inaandika kijivu, huwezi kuitofautisha mpaka uinamishe kitambaa uone mng'ao wake wa chini kwa chini. Ikipata maji, hata tone, inageuka zambarau na kuanza kutambaa, na popote ilipotambaa imekaa. Makarani wa bandarini walikuwa wanailamba kabla ya kuandikia magunia. Ukikutana nao jioni midomo yao utadhani wametoka kupopoa mzambarau. Shangazi alisema afadhali nyoka aingie nyumbani kwake kuliko penseli hiyo. Nyoka unamuona.

Basi siku moja akaja Bi Tatu.

Bi Tatu alikuwa mjane wa Mtoni, mwembamba, mtu wa maneno machache. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Salumu, karani wa kupimisha mbata za nazi bandarini, aliyechukuliwa kwenye vita vya pili vya dunia na kupelekwa Bama, huko mbali Asia. Vita ilikuwa imekwisha na wenzake walikuwa wameanza kurudi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku anafungua pindo la kanga, akatoa kipande cha bafta, ile pamba nyeupe, kimekunjwa. Akasema Salumu alikichora mwenyewe siku chache kabla ya kuondoka. Alimwambia, mama, nitafutie fundi aishone kofia hii, nikirudi niivae Idi. Miaka yote ya vita, watu wanavaa viraka juu ya viraka, yeye alikificha kile kitambaa sandukuni, hakukigusa. Sasa meli zinaleta watu. Alitaka mwanawe aikute tayari.

Shangazi wakati huo alikuwa na mtoto wa jicho, haoni kitu. Akaniambia nimsomee mchoro. Nikasogea mlangoni nikaukunjua. Ukanda mzima ulikuwa umechorwa umbo moja linalorudiarudia, sikulijua ni nini, si ua, si jani. Nikatazama muda mrefu ndipo nikaliona: kulabu. Kulabu za kuvutia magunia pale bandarini, moja imeshika nyingine, zimezunguka mpaka zikakutana sawasawa. Alikuwa amekunja kitambaa kwanza, alama za ukucha zilikuwepo. Sijawahi kuona mtu aliyechagua umbo la kofia kutoka kazini kwake, na lilikuwa limependeza. Nikainamisha kitambaa kwenye mwanga nizihesabu vizuri, nikaona ule mng'ao.

Nikamwambia hapohapo, mama, hii ni penseli ya wino, ikipata maji itaharibika yote.

"Basi isipate maji," akasema.

"Na kufua je?"

"Atafua mwenyewe akija."

Shangazi akaingilia. Akamweleza kwamba tunaweza kuuhamisha ule mchoro kwenye karatasi, tukautoboa, tukauweka kwenye bafta nyingine kwa mkaa, na kile kitambaa yeye akakirudisha sandukuni salama. Ilikuwa shauri jema, mie nilishaanza kupata pumzi. Bi Tatu akakitazama kitambaa mkononi mwangu.

"Huo ndio mkono wa mwanangu," akasema. "Sina kingine. Nataka avae huo, sio mfano wake."

Shangazi akanifinya paja. Nilijua maana yake: usipokee. Nilitaka kukataa, Mungu shahidi. Nilimtazama yule mama, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, mdomo ukasema naam nitashona.

Toka siku hiyo nikawa mfungwa wa maji. Hamjui, nyie, maji yako kila mahali katika nyumba. Yako kwenye kata, kwenye mtungi, kwenye nywele za mtu aliyetoka kuoga, kwenye mkono wa jirani anayekuja kuomba chumvi. Watoto wa nyumba ya pili wakipita na ndoo kichwani nilikuwa nakifunika kitambaa kwa mwili wangu kama kuku na vifaranga. Hata mdomo wangu niliuogopa. Mshonaji yeyote analowesha ncha ya uzi kwa mate ili aitie sindano, mkono unajiendea wenyewe bila kufikiri. Siku ya kwanza niliushika uzi umeshafika ulimini. Nikautupa. Shangazi akanipa kipande cha nta, akaniambia kata uzi kwa mshazari, uvute kwenye nta, utasimama wenyewe kama mwiba. Na jueni hilo mpaka leo, nta ni bora kuliko mate.

Kisha jasho. Joto la kabla ya masika hapa kwetu mnalijua. Poda haikupatikana. Nikawa nachukua unga wa muhogo naupaka viganjani, naupukuta, nashona kidogo, naupaka tena. Kichwani nilifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi, jasho lisije likadondoka. Watu wakipita wananiuliza kama naumwa. Shangazi anawajibu, anaumwa kofia.

Bi Tatu alikuwa anakuja kila aliposikia meli imetia nanga. Anatoka kwao Mtoni, anakwenda mpaka bandarini, anasimama uzioni na akina mama wengine, kisha anarudi kwa kupitia kwetu. Hatukumuuliza. Tulimwona anavyotembea tukajua. Atasema meli nyingine iko njiani, halafu atafuta kidole kwenye kanga, mara mbili, ahakikishe kimekauka, ndipo aguse kulabu nilizokwisha kushona na zile ambazo bado. Ana hesabu yake mwenyewe. Siku nyingine wakati anatoka aliniuliza kama viua vimebana sana, maana Salumu hapendi kofia inayokaza paji.

Mie ndani ya moyo wangu nilikuwa na hofu nyingine, hiyo sikumwambia hata Shangazi. Wenzake Salumu wamerudi, mwezi unapita, mwingine unapita. Namshonea nani? Nikishona haraka niliona kama namharakishia jambo baya, na nikichelewesha nilimwona yule mama pale uzioni. Niliogopa kuichelewesha, nikaogopa kuimaliza. Siku moja Shangazi akaniambia, bila mie kusema neno, "Nyamaza, Zena. Shona." Nikashona.

Masika yakaingia. Mchana mmoja mvua ilikuja na upepo, makuti yakafunuka juu ya pale nilipokaa. Sikuwa na muda wa kukimbia. Nikajikunja juu ya kitambaa, magoti yamegusa kidevu, maji yananishuka mgongoni. Nikasikia baridi mkononi, nikatazama. Tone moja limeangukia kwenye bafta, mahali peupe, kando ya kulabu ambayo bado sijaishona. Nikaliona linavyojipanua taratibu, kitambaa kinalinywa, ukingo wake unausogelea mstari. Shangazi ananiita. Hata kulifuta niliogopa, mkono wangu wenyewe ulikuwa umelowa. Likaja, likaja, likasimama. Kati yake na mstari palikuwa na nafasi ya punje ya mtama. Nililia kwa sauti kubwa mpaka Shangazi, pamoja na upofu wake, akapapasa ukuta akaja kunishika.

Tulimaliza kushona mvua zikiwa zinaisha. Nikaunganisha ukanda na duara, kulabu ya mwisho ikaishika ya kwanza kama alivyokusudia mchoraji. Kofia nzuri. Lakini laini, imelegea, haijafuliwa, kati ya kiua na kiua unaona kijivu cha penseli. Bi Tatu aliishika, akaitazama ndani na nje, akanirudishia. Paa lake linavuja kuliko la kwetu, akasema, niitunze mie mpaka mwenyewe aje. Nikaitia kwenye kopo la biskuti, nikalifunga kwa kitambaa, nikaliweka juu ya kabati. Nikadhani hofu imekwisha.

Aliyekuja ni askari mwenzake, mtu wa kule kusini aliyekuwa akichechemea, alishuka na kikosi cha mwisho. Akamtafuta Bi Tatu mpaka akampata. Salumu alikufa kwa homa msituni, walipokuwa wanasonga mbele. Walimzika palepale mvua ikinyesha, wakaendelea na safari. Habari zilitufikia Temeke kabla ya adhuhuri. Tulikwenda matangani mie na Shangazi, nikakaa nyuma kabisa nisionane naye uso kwa uso. Salumu akasaliwa, ikasomwa hitima, watu wakatawanyika.

Nilingoja. Nilijua atakuja kuchukua kofia, na nilijua nitampa nini: kitu kikavu, salama, chenye mkono wa mwanawe kila mahali. Hilo angalau nilikuwa nimelifanya.

Alikuja asubuhi moja, jua limeanza kuwaka. Akaketi kwenye mkeka uani, akapeana mkono na Shangazi. Nikamletea kopo. Akafungua, akaitoa kofia akaiweka mapajani. Kisha akaniambia nimletee beseni na maji safi.

Nilidhani anataka kunawa. Nikaleta. Akalivuta beseni karibu, akaanza kukunja mikono ya gauni lake, na mie nikaelewa, nikapiga magoti nikamshika kiwiko. Sikuwahi kumshika mtu mzima hivyo.

"Mama, mistari itaondoka. Mkono wake utaondoka wote."

Hakunikasirikia. "Nilimuuliza yule askari nani alimwosha mwanangu," akasema. "Akatazama chini. Nikajua kaingia ardhini na matope yake. Niachie, Zena."

Nikamwachia.

Hakuitumbukiza. Alichota kwa kiganja akamimina, akaanzia upande wa kulia, akaenda kushoto. Maji ya kwanza yalipogusa zile kulabu, zambarau ikachipuka kila upande, ikatiririka kwenye vidole vyake mpaka kwenye beseni. Ni kitu nilichokuwa nakiogopa miezi yote ile, na sasa kinatokea mbele ya macho yangu, nami nimekaa nakitazama. Shangazi alikuwa haoni, lakini alisikia maji yanavyomiminwa, kulia kisha kushoto, taratibu. Akavuta kanga akajifunika kichwa, akaanza kusoma chini kwa chini. Bi Tatu alisugua kwa kidole gumba, kulabu moja moja, hakuruka hata moja. Akaniomba maji mengine. Nikaleta. Akaosha tena toka mwanzo. Akaniomba mengine, ya tatu, hayo yakatoka karibu meupe.

Nikataka kwenda kumwaga yale ya mwanzo barabarani kama tunavyomwaga maji ya kufulia. Shangazi akasema hapana, yasikanyagwe. Tukachimba shimo nyuma ya nyumba, kwenye kona ya ukuta, tukayamimina humo yote tukafukia.

Kofia ilibaki na rangi kidogo, ule uzambarau hafifu ambao haukutoka na usingetoka kwa sabuni yoyote. Kijivu chote kimekwenda. Kulabu zikabaki za uzi mtupu, safi, zimeshikana. Bi Tatu akaikamua kwa viganja, bila kuisokota, kama mtu anayejua kazi. Akaniuliza kama wanga ninao. Nikasema upo. Nikakoroga, tukaitia, nikaleta ile sufuria niliyozoea kuvishia kofia, nikaifudikiza juu ya kinu.

Akaitazama. Akaweka viganja vyake viwili kwenye ubavu wa sufuria, huku na huku, akafumba macho.

"Ndogo," akasema. "Kichwa chake kilikuwa kikubwa kuliko hiki."

Nikampelekea nyingine ya kwetu, akaishika vilevile, akatikisa kichwa. Basi tukatoka, kofia mbichi mkononi mwangu, tukaanza kupita nyumba kwa nyumba pale Temeke kuazima sufuria. Kila mlango watu wakimpa pole na kumtolea walizonazo, naye anaziweka chini, anazishika kwa viganja, anafumba macho, mpaka tulipoipata.